Kadi Arobaini na Tatu za Nelima

Loice alimwibia Nelima maneno yake. Hakumwibia pesa, wala mume, wala kijiko cha jikoni. Alichukua maneno ambayo Nelima aliyatoa kinywani kwa miaka miwili, akayapeleka redioni, akasema yametoka kichwani mwake yeye. Na Nelima ndiye aliyempa kiti cha kukalia, chai ya kunywa na kalamu ya kuandikia.

Nelima Nakhisa ni mwanamke wa makamo, Mbukusu wa Kenya, aliyevuka mpaka wa Malaba zamani akimfuata mume aliyepata kazi Kampala. Mume alifariki. Yeye akabaki mtaa wa Kyebando na duka la filamu. Watu wa Kampala huliita duka la namna hiyo laibrari, ingawa ndani hakuna kitabu hata kimoja. Mna kompyuta, meza, benchi la wateja na feni inayolalamika mchana kutwa. Mteja huja na flashi yake, anachagua filamu, anajaziwa, anakwenda kuitazama kwake.

Kusoma hajui. Mwaka aliotakiwa kuanza shule alipewa mdogo wake ambebe, na baada ya huyo akaja mwingine, na mgongo wake haukupumzika mpaka alipoolewa. Namba anazijua, kwa kuwa sokoni zilimlazimu azijue. Filamu zake alizitambua kwa picha, na kila moja aliipa namba yake.

Sasa, filamu katika Kampala huwa na uhai ikiwa imepita kwa VJ, yule mtu anayeitafsiri kwa Kiganda huku akiipigia kelele, akitania wachezaji na kuwapa majina ya mtaani. VJ hupenda risasi na magari yanayopinduka. Mwanamke aliyekaa mezani akimngoja mtu, nani atampigia kelele? Kwa hiyo kila Nelima aliponunua filamu kwa jumla mjini, ndani yake mlikuwa na zile zisizo na VJ, na hizo zililala kwenye kompyuta kama watoto wa mke asiyependwa. Hakuna aliyeziulizia.

Nelima ndiye aliyezitazama. Alizitazama asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja. Kiingereza alikiokoteza neno hapa neno pale, na nyingine zilikuwa za lugha ambazo hajapata kuzisikia. Basi alitazama kila moja mara tatu. Mara ya kwanza alitazama nyuso. Mara ya pili alitazama mikono, kwa sababu aliona kwamba mtu akisema uongo mikono yake haijui ikae wapi. Mara ya tatu alitazama vyombo vya nyumba, sufuria, viatu vya mlangoni, kitanda kimetandikwa au la. Mwishowe aliijua ile filamu kuliko mtu aliyeelewa kila neno.

Hapo ndipo alipoanza kuwagawia watu. Wa kwanza alikuwa Adoch, mke wa polisi aitwaye Odur. Adoch ni Mwacholi, na Kiswahili ndiyo lugha waliyokutania yeye na Nelima, ambaye alimwita Mama Nyongesa kwa jina la mwanawe.

"Mama Nyongesa, nipe ya kupigana," Adoch alisema siku hiyo, akitupa flashi mezani.

"Mara ya mwisho kulia ilikuwa lini?"

"Aa! Nimekuja kwa filamu ama nimekuja kwa padri?"

"Nijibu."

"Mwaka jana. Odur alipopewa uhamisho."

"Basi chukua namba saba."

"Ina VJ?"

"Haina."

"Ina vita?"

"Ina mzee na mlango."

Adoch akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Mmesikia huyu Mkenya? Nitoe pesa yangu niangalie mlango! Mlango hata kwangu uko, na haunitozi kitu."

"Chukua. Ukija kuniambia ni mbaya, nakupa tatu za vita bure."

Namba saba ni habari ya mzee aliyenunua mlango kwa fundi, kisha akagundua kwamba umeibwa kwenye nyumba ya mtu mbali sana. Anaufunga mgongoni kwa kamba, anakwenda kuurudisha. Filamu nzima ni huko kutembea. Mvua inamnyeshea, anaulaza mlango chini na kulala juu yake. Kwenye mto anaugeuza mtumbwi. Kuna mahali mwanamke anamwuliza amebeba nini, na mzee anaona haya kusema.

Siku ya tatu Adoch alirudi mbio. "Imekatika! Mama Nyongesa, imekatika pale pale anapoiona nyumba! Walimpokea? Niambie, walimpokea?"

Hapo Nelima akafanya kosa lake. Kopi yake ilikuwa na kasoro, iligandia pale pale kwake pia, na mwisho hakuwahi kuuona. Lakini alikuwa amekaa na hiyo filamu asubuhi nyingi, na kichwani mwake ilikuwa imekwisha siku nyingi. Akamtazama Adoch alivyovimba macho, akashindwa kumwambia hajui.

"Walimpokea," akasema. "Mwenye nyumba alitoka, akamsaidia kuutua. Wakautundika pamoja. Watoto wakawa wanaufungua na kuufunga, wanaufungua na kuufunga, mzee amekaa anawatazama tu."

Adoch alilia palepale dukani, mbele ya watu wanaotaka filamu za vita. Tangu siku hiyo kila aliyechukua namba saba alisimuliwa mwisho huo, na Nelima hakumwambia mtu yeyote kwamba ameutunga yeye.

Wateja wa zile zisizo na VJ wakaongezeka. Wengi walikuwa wake wa askari waliotoka kaskazini, na Wakenya wa biashara ndogondogo. Akwero wa saluni alichukua kumi na tisa akairudia mara nne. Bei ya Nelima ilikuwa ileile ya kawaida, ila alikuwa na sharti lake: ukishatazama, lazima urudi useme umeona nini. Asiyerudi kusema, hapewi nyingine. Ikafika mahali benchi limejaa, watu wanasubiri kuambiwa, na yeye sauti imekauka.

Loice alikuja wakati huo. Alikuwa mke wa Ondiek, fundi wa kuchomelea vyuma, nao walikuwa wamepanga chumba nyuma ya duka, wao na watoto wao. Alimaliza kidato cha nne, hati yake ilikuwa nzuri, na kazi hakuwa nayo. Alikuwa akikaa dukani mchana kwa sababu chumbani kwake kulikuwa na joto. Nelima alimwita mdogo wangu, naye Loice alimwita dada.

"Tufanye kadi," Nelima alimwambia. "Mimi naongea, wewe unaandika. Tutazibandika ukutani. Lakini usiongeze kitu, na usipunguze."

Walikata maboksi ya viatu. Kila filamu ikapata kadi yake, na namba juu. Kadi ya kumi na tisa ilisema hivi: "Dada wawili hawasemezani na jiko ni moja. Tazama wanavyopokezana kisu. Uitazame ukiwa umegombana na mtu, lakini uweke salio kwenye simu, maana utampigia." Ya ishirini na sita ilisema: "Askari analinda shule ambayo watoto wake wote wamehama. Kila asubuhi anapiga kengele. Mke wa askari, usiitazame peke yako." Na ya kwanza kabisa ilisema: "Hii ni mbaya nusu saa ya kwanza. Vumilia kama unavyomvumilia mgeni. Akishavua viatu, utampenda."

Kadi ya kwanza ilipokwisha, Loice alishika kalamu akauliza, "Chini niweke nini, dada?"

"Weka jina lako."

"Langu?"

"Wewe ndiye umeandika, sivyo?"

Kwao Nelima palikuwa na katekista mmoja aliyewaandikia akina mama barua za kuwapelekea waume zao mjini. Mama alisema, katekista akaandika, na mwisho wa kila barua alitia jina lake mwenyewe, ili mume ajue ni mkono wa nani, asije akadhani mkewe ana mwanamume anayemwandikia. Nelima alikua akijua kwamba jina la chini ni la aliyeshika kalamu. Mwenye maneno hakuhitaji jina, kwa sababu waliopokea barua walimjua kwa maneno yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba penginepo duniani mambo ni kinyume. Loice alijua. Alitia jina lake kwenye kadi ya kwanza, akatia kwenye ya pili, akaendelea hadi ya arobaini na tatu, na hata mara moja hakufungua kinywa.

Mwaka jana, baada ya mvua za Aprili, Loice na Ondiek walihamia mtaa wa Nateete. Loice aliaga vizuri, akapiga picha za ukuta kwa simu. "Za ukumbusho, dada," alisema. Nelima alimfungia unga na kuku.

Zilipita kama wiki sita. Jumamosi moja, saa tisa alasiri, Adoch aliingia dukani ameinua simu juu kama mtu aliyeshinda kura.

"Mama Nyongesa! Umeingia redioni!"

"Mimi?"

"Sikiliza basi!"

Ilikuwa sauti ya Loice, imelainishwa kidogo, na kando yake mtangazaji aitwaye Lawrence akicheka kila baada ya sentensi. Kipindi kilihusu filamu nzuri zilizopuuzwa. Loice alisema, "Vumilia kama unavyomvumilia mgeni. Akishavua viatu, utampenda." Lawrence akapiga kelele: "Loice, haya maneno unayatoa wapi?" Loice akajibu, "Aa, yanakuja tu. Mimi nikishatazama, yanakuja."

Adoch alishusha simu polepole. "Kwani hajakutaja?"

"Pengine atanitaja mwishoni," Nelima alisema.

Walisikiliza mpaka matangazo ya sabuni.

Jumamosi iliyofuata ikawa kadi ya pili, na iliyofuata ya tatu. Alikwenda kwa utaratibu wa namba za Nelima, hata hakujisumbua kuzichanganya. Na hizo filamu Loice hakuzitazama. Nelima alilijua hilo vizuri, kwa sababu Loice alikuwa mtu wa filamu za harusi zenye VJ, na kila Nelima alipomwambia atazame japo moja, alisema, "Dada, ukishanisimulia nimeshaiona."

Jumamosi ya namba saba ndiyo iliyompa Loice jina. Alisimulia mzee, akasimulia mlango, akasimulia na watoto wanaoufungua na kuufunga. Watu walipiga simu wakilia. Redio ikatangaza kwamba itatafuta kopi kamili ya ile filamu, iwaonyeshe wasikilizaji katika ukumbi mmoja wa Mengo, na Loice mwenyewe atakuwepo.

Nelima alikwenda Nateete. Alimkuta Loice nyuma ya soko, kwenye nyumba ya vyumba viwili, anapiga pasi gauni.

"Karibu, dada. Umepotea."

"Sijapotea. Niko ukutani kwangu palepale ulipopiga picha."

Loice aliweka pasi chini. "Umesikia kipindi."

"Kyebando nzima imesikia. Loice, yale maneno ni ya nani?"

"Dada, tuongee kama watu wazima. Jina lililo chini ya zile kadi ni la nani?"

"Mimi ndiye niliyekuambia uliandike!"

"Basi, si uliniambia?"

"Nilidhani jina la chini ni la mkono."

Loice alicheka, si kwa ubaya mkubwa, na hilo lilimwuma Nelima zaidi. "Dada yangu, hata kama ningewaambia ni wewe, ungekwenda studio ufanye nini? Kibao cha mlangoni usingekisoma. Wanakupa karatasi ya matangazo usome, ungesoma nini?"

"Sikuomba kiti chako. Nimeomba unitaje."

"Kukutaja tu?"

"Kunitaja tu. Useme ni maneno ya Nelima Nakhisa wa Kyebando, wewe umeandika. Mara moja. Halafu endelea na redio yako."

Loice alimshika Nelima mkono kwa mikono miwili. "Njoo Mengo. Mbele ya watu wote nitakutaja. Naapa kwa watoto wangu."

Nelima alirudi na neno hilo, akalitunza. Alishona kitenge kipya. Alimwambia Adoch, alimwambia na Akwero wa saluni, na wote wawili wakasema watakuja kusikia. Jambo moja tu lilimkosesha raha: kopi kamili. Alijua kwamba hajui mwisho. Alifikiria kumwonya Loice, hata akashika simu, kisha akajiambia kwamba labda mwisho wa kweli ni uleule. Mtu anayetembea vile na mlango mgongoni, angeachaje kupokewa?

Ukumbi wa Mengo ulijaa. Nelima na wenzake walikaa nyuma. Filamu ilianza, na watu walinyamaza kama kanisani, bila VJ, bila kelele. Ilipofika pale ilipokuwa ikigandia, mzee akiwa ameiona nyumba, Nelima alishika goti la Adoch.

Haikuganda. Mzee aliteremka, akapiga hodi kwenye ukuta. Nyumba ilikuwa imeshawekwa mlango wa chuma. Mwenye nyumba akatoka, akautazama ule wa mbao kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, akaonyesha kidole upande wa ua. Mzee akautua pale penye kuni. Akasimama kidogo. Kisha akafunga kamba yake vizuri, akaitia mfukoni, akaondoka. Basi. Taa zikawashwa.

Minong'ono ikaanza. Mwanamume mmoja wa mistari ya mbele akasimama. Alijitambulisha kuwa ni Jean-Claude, Mkongo, mfanyabiashara wa vitenge.

"Dada Loice, mimi nilikuja kwa ajili ya wale watoto. Watoto wako wapi?"

Watu wakacheka.

"Ulituambia wanautundika mlango," mwanamke mwingine akasema. "Mimi nimemleta mama mkwe wangu kutoka Entebbe aone unavyotundikwa!"

"Uliitazama kweli, au uliota?"

Lawrence aliingilia kwa utani, lakini vicheko vilikuwa vimeshageuka. Loice alisimama jukwaani na kipaza sauti mkononi, macho yakienda huku na huku, mpaka yakampata Nelima kule nyuma. Nelima alinyooka kwenye kiti. Aliona saa yake imefika.

"Naomba niseme ukweli," Loice alisema. "Huo mwisho si wangu. Niliupata kwa mama mmoja wa Kyebando, anauza filamu, anaitwa Nelima Nakhisa. Hajasoma, ni mtu wa kuongezaongeza chumvi, nami nilimwamini. Amekuja, yuko pale nyuma. Mtamsamehe."

Ukumbi mzima uligeuka. Jina lake lilikuwa limetajwa, kamili, mbele ya watu wote, kama alivyoapiwa.

Lawrence alikuja mbio katikati ya viti, ameunyoosha mkono wenye kipaza sauti. "Mama, ni kweli? Wewe ndiye uliyetuletea wale watoto?"

Nelima alisimama. "Mwisho ni wangu," alisema. "Niliutunga, sikusema, na hilo ni kosa langu. Na mwanzo pia ni wangu. Yote ni yangu."

"Yote? Mama anasema filamu yote ni yake!" Lawrence aliwaambia watu, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nelima alipotaka kuendelea, kipaza sauti kilikuwa kimeshakwenda. Adoch alipiga kelele, "Mwache amalize!" lakini muziki ulikuwa umeshawekwa, na watu walikuwa wanaelekea kwenye soda.

Jumatatu yake Nelima alifungua duka kama kawaida. Alianza kwa lililo lake. Kila aliyewahi kuchukua namba saba, na walikuwa wengi, alimwita au alimpigia simu, akamwambia mwisho aliousimulia aliutunga mwenyewe na ule wa kweli ni huu. Wengine walimcheka. Wawili walimwambia ni mwongo, hawakurudi tena. Akwero alisema hajali. Adoch alikaa kwenye benchi, amekunja mikono.

"Kwa hiyo mimi nililia bure?"

"Ulilia kwa maneno yangu. Nilipaswa kukuambia ni yangu."

"Miaka miwili, Mama Nyongesa!"

"Najua. Nisamehe."

Adoch alikunjua mikono. "Ule wako ni mzuri kuushinda ule wa kweli."

"Hata kama. Haukuwa wa ile filamu."

"Sasa mbona wewe umekuja kuniomba msamaha," Adoch alisema, "na yule bado yuko redioni?"

Nelima alimwomba Adoch amsomee kadi zote zilizo ukutani, jina la chini pia, kila moja. Adoch alisoma arobaini na tatu, na mara arobaini na tatu alisema "Loice", kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Ilipokwisha, alimwuliza kama wazing'oe. Nelima alikataa. Filamu hazikuwa na hatia, na watu walikuwa bado wanazihitaji.

Loice hakuondolewa redioni. Kisa cha Mengo kiligeuzwa kichekesho cha kipindi, na sasa Lawrence humwuliza kila Jumamosi, "Hii umeitazama mwenyewe, au ni ya mama wa Kyebando?" Loice hucheka, husema ameitazama mwenyewe, kisha husoma kadi. Jumamosi iliyopita alikuwa amefika ya thelathini na moja.

Anayedaiwa ni Loice, mke wa Ondiek, anayekaa Nateete nyuma ya soko. Anadaiwa kusema, kwenye redio ileile, saa tisa ileile, kwamba kadi zote arobaini na tatu ni maneno ya Nelima Nakhisa na yeye alishika kalamu tu. Lawrence naye anadaiwa kipaza sauti, kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kusema alichosimama kusema. Nelima alichodaiwa amekwisha kukilipa, mteja kwa mteja. Hao wawili hawajalipa.